Tusome vibandiko vya krimu za kung'arisha ngozi

Mhariri,

Juzi, katika duka moja hapa Lamu, nilionyeshwa kikopo cha krimu ya kung'arisha ngozi kisicho na orodha ya viambato, ila picha ya bibi harusi tu, na muuzaji akaniapia kuwa ni bora kuliko liwa. Krimu isiyotaja viambato huenda ikawa na zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake ya asili, lakini hupenya mwilini ikadhuru figo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliagiza krimu zenye zebaki zikomeshwe ifikapo 2020. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3 ambayo hupunguza tu rangi inayofika tabaka la juu la ngozi, ni salama zaidi. Nawasihi wakaguzi wapite madukani kabla ya msimu wa harusi, kwani mama anayejipaka krimu yenye zebaki humpakata mwanawe kwa mikono iyo hiyo.

Mkaazi wa Langoni, Lamu