Mianga ya kaskazini: tazameni mawingu kwanza

Mhariri,

Wasomaji wenu walioko Ulaya wanaopanga kwenda Tromsø, Norwei, kuona mianga ya kaskazini (aurora), ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku, wasitegemee mno programu za simu zinazotabiri nguvu yake. Kipimo cha Kp, kinachoonyesha msukosuko wa sumaku ya dunia kuanzia 0 hadi 9, kikiwa 2 tu na anga ni safi, mianga huonekana, kwani mji uko karibu na nyuzi 70 kaskazini, ndani ya ukanda wa mianga. Kikiwa 6 na mawingu yametanda, hamna kitu: mianga huwaka kilomita 100 na zaidi kwenda juu, mawingu yakiwa chini yake. Pwani ikifunikwa, kijiji cha Skibotn, bara zaidi nyuma ya milima, mara nyingi huwa na anga safi.

Kamera ikae kwenye stendi ya miguu mitatu: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, tundu la lenzi f/2.8, muda wa kupokea mwanga sekunde 8. Mianga ikianza kucheza kwa kasi, shusheni hadi sekunde 3, la sivyo mikunjo yake yote itageuka uji wa kijani. Fokasi ya otomatiki izimwe. Lengeni nyota angavu kwa mkono. Mwezi wa nusu, ambao wengi huukimbia, ndio unaoangaza theluji milimani.

Betri huishiwa haraka kwenye baridi, basi ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Msipulize lenzi, pumzi huganda papo hapo. Kabla ya kuingia nyumbani, fungeni kamera ndani ya mfuko wa plastiki mpaka ipate joto, ili umande utue kwenye mfuko, si kwenye kioo.

Wasomaji wenu,
Oslo