Safari ya Svalbard, someni mpaka mwisho tafadhali

Wadau habari za jioni, naona watu wananiuliza inbox kitu kilekile kuhusu safari yetu ya Svalbard, vile visiwa vya kaskazini kabisa, so naandika hapa mara moja. Kutoka Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, mpaka Longyearbyen, mji wa Svalbard tunakoenda, ni kama kilomita 960 hivi, yaani Dar–Mwanza na chenji kidogo, na ndege inatumia saa moja na dakika 40 tu, hakuna kulala njiani, chini ni bahari tupu mwanzo mwisho.

Sasa kwenye PASIPOTI ndo nakazia. Svalbard ni ya Norwei lakini iko nje ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), so pale Tromsø unakaguliwa kama unatoka nchi, na mwenye viza ya kuingia mara moja akitoka ndo basi, harudi. Dada zangu mnaokuja kututembelea kutoka nyumbani hakikisheni viza yenu ni ya mara mbili au zaidi, jamani.

Kutoka eapoti hadi mjini kilomita kama 5, tunapanda basi, msitembee. Nje ya mji kuna dubu, sitanii. Mwezi wa tatu hasi 15 ni kawaida kabisa. Na soksi nzima nzima plizi, kule hotelini viatu vinavuliwa mlangoni, desturi ya wachimba makaa ya mawe tangu zamani.