Aliyeediti video naye apewe maksi zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na walimu, maana mwalimu wetu mwenyewe nilishindwa kumwambia haya nikiwa nimesimama mbele yake.

Muhula huu darasa letu tulipewa projekti ya kutengeneza video ya muziki, watu 6 kila grupu, wiki 2. Siku ya kuonyesha, video yetu ilipoisha watu wakapiga makofi, mwalimu akachukua karatasi yake akaanza kutoa maksi, alipofika kwenye jina langu akaniangalia akauliza, "Wewe mbona sijakuona humo ndani?" Nikamwambia mimi ndo nimeediti mwalimu. Akasema sawa, akaandika namba ndogo kuliko za wenzangu wote. Mwalimu hakunionea, karatasi ile ilikuwa na uchezaji, mavazi na kujiamini mbele ya kamera, basi, hakukuwa na pa kuniweka.

Sasa naomba nieleze kazi yenyewe, kwa sababu naamini walimu wengi hawajawahi kuifanya, na kitu usichokijua utakipaje maksi.

Kwenye video ya muziki ile sauti iliyoingia kwenye kamera mtazamaji haisikii. Unapiga wimbo kwa spika, muimbaji anaufuatisha kwa mdomo (na aimbe kweli kwa sauti, akichezesha midomo tu shingo haikazi na mtu anajua anadanganywa), unarekodi wimbo mzima mwanzo mwisho, alafu unahamisha kamera mnarudia tena. Sisi tulirudia mara 5 kwa simu 2, wimbo una dakika 3 na sekunde 20, kwa hiyo nilirudi nyumbani na dakika 33 za video ambazo zote zinatakiwa zikae juu ya wimbo mmoja bila mdomo hata mmoja kuchelewa. Ile sauti chafu ya simu huifuti kwanza, ndo inayokuonyesha wimbo ulianzia wapi, unailaza chini ya wimbo halisi unaisogeza mdogo mdogo mpaka mawimbi ya sauti unayoyaona kwenye skrini yafanane, ndipo unaizima.

Na hata hapo hujamaliza. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu (zile picha moja moja zinazounda video), umeiweka 30 kwa sekunde lakini mwanga ukipungua yenyewe inashusha, basi ubeti wa kwanza mdomo uko sawa, ukifika kiitikio cha pili umeachwa nyuma. Fremu 3 tu, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, jicho linashtuka hata kama mwenye jicho hawezi kusema kimemshtua nini. Nilikata na kusogeza kipande kwa kipande usiku mzima.

Kulikuwa na sehemu muimbaji wetu alitaka atembee kwa slomo, yaani mwendo wa polepole, huku anaimba sawasawa na wimbo. Hiyo iliniumiza kichwa siku 2, maana ukipunguza spidi ya video na mdomo nao unapungua. Jibu lake ni hesabu: siku ya kurekodi unauharakisha wimbo mara 2, muimbaji anaimba haraka haraka hivyo hivyo, simu inachukua fremu 60 kwa sekunde, alafu kwenye kuediti unazicheza kwa 30. Mwili unaelea, nguo inaelea, mdomo haujakosea hata neno. Hapo ndo darasa zima lilipopiga kelele, na muimbaji alistahili kabisa kwa sababu alifanya mazoezi siku 3 ya kuimba kwa spidi ile, ila mimi pia nilikuwepo pale jamani, sema sionekani.

Ninachoomba ni hiki. Grupu ilete video pamoja na klipu zote ambazo hazijakatwa na daftari la nani alifanya nini siku gani, alafu mwalimu akae nao hata dakika 5, asimamishe video popote aulize kwa nini mlikata hapa na sio pale. Aliyefanya atajibu bila kufikiria sana, ambaye hakufanya ataangalia chini. Itasaidia pia kwa wale ambao hawana simu nzuri, maana sasa hivi video inayong'aa inapita ile iliyofikiriwa.

Na walimu watuambie mapema kuhusu hakimiliki. Grupu moja walitumia wimbo maarufu wakapandisha video mtandaoni ili mwalimu aione kwa linki, mashine ikautambua wimbo ikazima sauti, wakaonyesha watu wanapanua midomo kimya kimya, iliuma kuangalia. Wimbo una haki za aliyeutunga na haki za rekodi yenyewe, hizo ni mbili tofauti, na kuununua hakukupi hata moja ya kuuwekea video. Mkiweza kuimba wenu imbeni wenu, kama hamuwezi zipo nyimbo za leseni ya Creative Commons, yaani mwenye wimbo ameshawaruhusu wengine kuutumia kwa masharti, unamtaja mwenyewe na kufuata masharti ya leseni yake, ila muangalie isiwe na herufi ND, hiyo inakataza kusambaza wimbo uliobadilishwa, na kuuwekea video wanahesabu kuwa ni kuubadilisha.

Mdogo wangu yuko darasa la nyuma yangu, projekti hii hii inamfikia muhula ujao, na ameshaniambia yeye atacheza mbele ya kamera maana kuediti hakuna maksi. Huyo ndo alikaa na mimi ule usiku, na ule mdomo uliochelewa kwenye kiitikio cha pili yeye ndo aliuona kabla yangu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa sekondari