Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka, klabu ya magari ya spoti

Ndugu wanachama, viongozi wenzangu wa kamati, na wazee wetu mlioianzisha klabu hii, salamu kwenu wote na asanteni sana mliofika. Nikiwaangalia hapa hamfiki hata nusu ya daftari, hilo nitalirudia mbele maana ndo mzizi wa mengi nitakayoyasema leo.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Misafara ya asubuhi wikiendi ilienda kama kawaida, tulipanga magari, picha zikapigwa, tukarudi salama wote. Maonyesho ya magari ya zamani tulishiriki na ile Datsun 240Z ya mwenzetu ikajaza watu kuliko banda lolote, watoto wa juzi wanashangaa gari ya mwanzoni mwa miaka ya 70 ina silinda sita na bado inawaka kwa mara moja. Darasa la ufundi lilifanyika, mada ilikuwa breki na mafuta ya difu, waliokuja walifaidika na wasiokuja ndo hao hao nitawataja kidogo. Siku ya treki, yaani ile ya kuendesha kwa kasi kwenye uwanja wa mbio uliofungwa, ilifanyika. Na hapo ndo penye maneno, kwa hiyo wacha niingie.

Kama mnavyojua mwaka huu kamati iliamua kwamba hakuna gari itakayoingia treki bila kukaguliwa asubuhi ile, vitu vitatu: mafuta ya breki, umri wa matairi, na helmeti. Magari 7 yalirudishwa. Kati ya hayo 2 ni ya waanzilishi wa klabu. Tangu siku ile grupu halijatulia, nimeambiwa nimewadhalilisha wazee, nimeambiwa najifanya polisi, kuna aliyeandika kwamba mwenyekiti ana chuki na magari yenye nguvu kwa sababu yeye anaendesha kagari kadogo. Nimekaa kimya muda wote nikisubiri mkutano huu, kwa sababu mambo ya klabu yanajibiwa kwenye mkutano.

Kwanza uamuzi haukuwa wangu peke yangu. Ulipitishwa kwenye kikao kilichotimiza akidi, kumbukumbu anazo katibu, na tangazo lilitumwa mapema kabisa na nikaliandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kila kitu kimeelezwa humo. Kati ya wale 7, waliohudhuria kile kikao ni mmoja tu. Sasa mtu hukuja kwenye kikao, hukusoma tangazo, halafu unafika getini unashangaa.

Sasa niwaeleze ukaguzi wenyewe, maana naona wengi wanaulalamikia bila kuujua.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, hiyo ndo tabia yake, hata kama gari imelala gereji mwaka mzima haijaguswa. Mafuta haya yana madaraja, DOT 3, DOT 4. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke mpaka angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishavuta maji kama asilimia 3.7 kiwango kinachoruhusiwa kinashuka mpaka 155. DOT 3 ni chini zaidi, 205 ikiwa mpya na 140 ikishalowana. Barabarani hutaona tofauti yoyote, unaenda kazini unarudi, breki zinashika vizuri, na ndo maana kila aliyerudishwa aliniambia maneno yale yale, mbona breki zangu ni nzima. Ni nzima kwa barabara. Treki unafunga breki nzito mwisho wa kila nyoofu, raundi baada ya raundi, haipati muda wa kupoa, joto linapanda kwenye kalipa, ile inayobana diski ya breki, mafuta yanachemka na yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea tofauti na mafuta, kwa hiyo unakanyaga pedali inaenda mpaka chini kabisa na gari haisimami. Hupewi onyo la maana. Raundi iliyopita ulikuwa na breki, hii huna.

Na spidi ina hesabu yake. Gari ikitoka 100 kwenda 200 kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Hiyo ni fizikia, haina uanachama wala uzee wa klabu. Uzito nao unaingia humo humo. Kwa hiyo anayesema Mazda MX-5 zilipita na magari makubwa yakarudishwa naomba anisikilize vizuri. MX-5 ya kwanza, ile iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989, haifikii hata tani moja. Gari ya kilo 1,600 kwa spidi ile ile inazibebesha breki zake mzigo mkubwa zaidi kwa zaidi ya nusu, halafu kwa nguvu iliyonayo inafika kwenye kona na spidi kubwa kuliko kagari kangu. Ukiwa na injini ya nguvu za farasi 500 ndo inabidi mafuta yako yawe mapya kuliko ya mtu yeyote. Hatukurudisha gari kwa sababu ya ukubwa wake, tulirudisha mafuta yaliyochoka, na kifaa kinachochemsha sampuli ya mafuta kiliwekwa mezani kila mwenye gari anaona namba kwa macho yake. Hicho kifaa, niseme ukweli, nilikitafuta mimi, nikakilipia kwanza kwa hela yangu mfukoni na klabu ikanirudishia baadaye, risiti ipo.

Kuna mtu amesema gari ya mwenyekiti ilipita kwa sababu alibadilisha mafuta wiki ile ile. Ndiyo, niliyabadilisha wiki ile ile, na ndicho nilichowaandikia nyote mfanye! Na gari yangu ilikaguliwa ya kwanza kabisa, mbele ya watu, na aliyekagua ni katibu wa ufundi sio mimi.

Matairi. Hili ndo limeuma zaidi kwa sababu linawagusa wazee wetu na magari yao ya thamani, na mimi nawaheshimu sana, bila wao hii klabu isingekuwepo. Pembeni ya tairi mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT (sio ile DOT ya mafuta) kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi moja tuliyoikuta asubuhi ile ilikuwa na tarakimu tatu. Tarakimu tatu maana yake imetengenezwa kabla ya mwaka 2000, ndo mfumo wa zamani ulivyokuwa. Meno yake yalikuwa yamejaa, sio kipara hata kidogo, inang'aa kama imetoka dukani, kwa sababu gari yenyewe inatembea mara chache na inatunzwa vizuri kuliko zetu zote. Lakini mpira unazeeka hata ukiwa umesimama, unakauka, unakuwa mgumu, nyuzi za ndani zinaachia, na tairi la namna hiyo kwenye spidi kubwa linaweza kuchanika na kuondoka vipande. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lianze kuangaliwa kila mwaka likishafika miaka 5 na lisivuke 10 hata kama linaonekana zuri. Sisi kamati tuliweka 10 kwa ajili ya treki, tungeweza kuweka 6 na tusingekosea, tuliweka 10 kwa kuwafikiria wenye magari ya zamani. Mzee wetu ninayemsema nilimfuata mimi mwenyewe, nikainama nae pale kwenye gurudumu nikamwonyesha, sikumtangaza kwenye spika. Waliomtangaza ni waliochukua video.

Helmeti ni fupi. Helmeti ya pikipiki sio ya gari. Zile zenye alama M ya Snell, shirika linalopima helmeti, ni za pikipiki, za gari ni SA, kwa mfano SA2020, na tofauti yake ni kwamba ya gari kitambaa chake cha ndani kinastahimili moto na inapimwa kwa kugongwa na chuma cha ndani ya gari. Klabu ilikuwa na 4 za kuazimisha na ziliazimishwa zote, kwa hiyo kwenye helmeti hakuna aliyerudishwa, lakini nataka ifahamike maana kuna aliyekuja na kofia ya baiskeli.

Sasa kwa nini nimeng'ang'ania hivi. Mwaka 1955 kwenye mbio za Le Mans kule Ufaransa gari ilirukia watazamaji, wakafa watu zaidi ya 80, na Uswisi, nchi ambayo ajali haikutokea hata kwake, ikapiga marufuku mbio za saketi kwa miongo mingi. Ajali moja. Sisi ni klabu ndogo, treki tunaazima kwa mtu, bima tunaomba, daktari na gari la wagonjwa tunaomba. Siku mtu wetu mmoja akikosa breki akaingia kwenye ukuta, au akamgonga marshali aliyejitolea kuja kutupeperushia bendera, hatutapewa treki tena, sio huyo mmoja, wote. Ningependa wanaolalamika wafikirie ni nani angeenda kuongea na familia yake. Ningeenda mimi.

Na ada ya treki kwa wale 7. Kamati haikurudisha na haitarudisha. Treki inakodiwa kwa siku nzima sio kwa kichwa, marshali na gari la wagonjwa vinalipwa kabla, uingie raundi 20 au usiingie gharama ni ile ile. Tulichokubaliana ni kwamba hao 7 wakishatengeneza magari yao wanapata nafasi ya kwanza kwenye siku inayofuata kabla ya mtu mwingine yeyote, na mimi ndiye niliyelipigania hilo kwenye kamati japo sijasikia mtu akilitaja.

Kuna pendekezo limezunguka kwamba kama treki imekuwa na masharti mengi basi turudi barabarani usiku kama zamani. Hilo nikiwa mwenyekiti halitatokea, na anayetaka kulifanya aondoe stika yetu kwenye kioo kwanza. Barabarani kuna mtu anavuka na mtoto, kuna lori halina taa. Sina zaidi ya kusema hapo.

Nije kwenye ada na mahudhurio, na hapa naomba mnivumilie maana nina uchungu.

Daftari lina wanachama 58. Waliolipa ada kamili ni 31, waliolipa nusu ni 11, na 16 hawajalipa chochote mwaka mzima. Kati ya hao 16, 9 walikuwa kwenye misafara, wamepiga picha, wamevaa fulana za klabu, na kuna ambao ndo wenye sauti kubwa kuliko wote kwenye ile ishu ya ukaguzi. Robo tatu ya hela yote iliyoingia imeenda kwenye kukodi treki na bima yake, iliyobaki ndo maonyesho, vifaa vya ukaguzi na helmeti. Mweka hazina ataeleza kwa undani. Mtu anayeweka rimu mpya na egzosi ya maelfu anashindwaje kulipa ada ambayo haifiki hata bei ya tairi moja la gari yake? Nimewapigia simu mmoja mmoja, wengine hawapokei, wengine wananiambia wiki ijayo na hiyo wiki ijayo imefika miezi sasa.

Vikao ni vile vile. Kwenye misafara tunakuja 30 na ushee, kwenye vikao tunakuja 12, 13, mara mbili hatukutimiza akidi tukaahirisha, kamati tumekaa tunaangaliana. Halafu likipitishwa jambo watu wanauliza nani kaamua. Wameamua waliokuja! Katiba yetu haina kura ya kwenye simu, na nadhani ni vizuri haina, kwa sababu jambo kama la breki linahitaji mtu akae, asikilize, aulize, ndo anyooshe mkono. Nawashukuru kwa dhati wale wachache wanaokuja kila mara, na hasa dada zetu wawili walioshika usajili siku ya treki toka alfajiri na hawajasikika wakilalamika hata kidogo.

Mwaka ujao tunatarajia siku za treki ziongezeke kama hela itaruhusu. Tunaangalia uwezekano wa kupata mkufunzi wa kuwafundisha wapya namna ya kupita kona na kufunga breki, kuna mazungumzo yameanza na yakikamilika mtajulishwa. Tungependa pia vijana wenye gari ndogo waingie kwa wingi, Toyota 86, Subaru BRZ, hata wenye magari ya kawaida wanaojifunza, kuna mawazo mazuri ila yanahitaji kikao kilichojaa. Suala la sauti ya egzosi nalo litakuja, majirani wa treki wameanza kuongea, na kupima ni rahisi, mita ya sauti inawekwa nusu mita kutoka kwenye bomba kwa pembe ya nyuzi 45 injini ikizungushwa kwa robo tatu ya mizunguko yake ya juu kabisa, kwa hiyo wenye mabomba matupu muanze kujiandaa mapema, msije mkasema tena hamkuambiwa.

Ukaguzi unabaki kama ulivyo. Anayetaka ubadilishwe alete hoja kwa maandishi kwa katibu, ije kwenye kikao, na yeye mwenyewe awepo.

Sasa namkaribisha mweka hazina asome hesabu. Maswali ya ukaguzi nitayajibu akishamaliza, moja moja, sina haraka, ila naomba waliolipa ada waulize kwanza.