Mchapuko siyo spidi jamani

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana watu wanachanganya spidi na mchapuko mpaka inakera, na wengine ni wanafunzi wa sekondari kabisa, fomula yote wanayo kichwani. Muulize mmoja, ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, imenyoosha njia, haiongezi wala haipunguzi, mchapuko wake ngapi? Anakurushia 900! Jibu ni sifuri bwana. Mchapuko haujali unakimbia kiasi gani, unaangalia kasi yako inabadilika kiasi gani kila sekunde, basi.

Hesabu yenyewe siyo ngumu, kasi ya mwisho toa kasi ya mwanzo, gawa kwa muda. Wengi wanakwama kwenye vipimo. Gari limetoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 10, mtu anagawa 100 kwa 10 anapata 10, anaandika mita kwa sekunde mraba huyoo anafunga daftari, kumbe kachanganya kilomita na mita, saa na sekunde. Gawa kwanza 100 kwa 3.6 upate kama mita 27.8 kwa sekunde, ndo ugawe kwa 10, inakuja 2.78. Na hiyo "sekunde mraba" inayotisha watu maana yake ni kwamba kila sekunde moja ikipita kasi ya gari inapanda kwa mita 2.78 kwa sekunde. Ndo hiyo tu.

Kufunga breki nako ni mchapuko, ila hasi. Gari la kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, likisimama kwa sekunde 4 jibu ni hasi 5, na tangu breki zishike limekula mita 40. Lingekuwa kwenye 36, kwa breki zilezile, lingesimama ndani ya mita 10. Spidi nusu, umbali robo! Madereva wangapi wanalijua hili sijui.

Kwenye kona ndo wanabisha zaidi. Mshale wa spidi umetulia palepale lakini mchapuko upo, kwa sababu mwelekeo umebadilika, na kwenye fizikia kasi inabeba na mwelekeo.

Halafu kuna mpira uliorushwa juu. Pale kileleni kasi yake ni sifuri, lakini mchapuko bado ni ule ule wa mvutano wa Dunia, mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea chini, ungekuwa sifuri mpira ungebaki unaning'inia huko huko. Tena haujali uzito kama hakuna hewa ya kuzuia, mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya Mwezini vikatua pamoja, na kule mchapuko ni kama 1.6 tu.

Sasa ombi langu mhariri, mkiweka maswali ya fizikia kwenye ukurasa wa wanafunzi wekeni na hilo la mpira, tumechoka na gari linaloanza kutoka sifuri kila wiki.

Msomaji wenu