Kerala siyo nchi ya minazi tu, andikeni na hizo nadharia nyingine

Mhariri, salaam. Makala yenu ya India nimeisoma mpaka mwisho na nimeipenda, ila pale mlipoandika Kerala, lile jimbo la pwani ya kusini mwa India, maana yake nchi ya minazi, mkaweka nukta mkaenda zenu, hapo mmetuacha njiani. Hiyo ni nadharia moja tu, na mimi naona siyo yenye nguvu.

Najua kwa nini inapendwa, hasa na sisi watu wa pwani. Kule minazi imejaa kila mahali, "kera" ni nazi kwa neno lililotoka Kisanskriti, "alam" ni nchi, unaunganisha unapata Kerala, tamu kabisa. Lakini hebu muulize Mmalayali yeyote, yaani mtu wa Kerala anayesema Kimalayalam, na Muscat na Dubai wamejaa tele, nazi ya jikoni anaiitaje, atakwambia thenga. Sasa watu nazi wanaiita thenga halafu nchi yao waipe jina kwa neno la wasomi?

Mimi nawaamini zaidi wanaosema jina limetoka kwa Wachera, ukoo wa wafalme waliotawala pande zile zamani sana. Hermann Gundert, Mjerumani aliyetoa kamusi ya Kimalayalam mwaka 1872, alisema Keram ni Cheram kwa matamshi ya Kikannada, lugha ya majirani zao, na ukiangalia kweli zile lugha zinapishana hivyo, sikio Wamalayali wanasema chevi, Wakannada wanasema kivi, kama vile Mombasa wanavyosema mtele na Unguja mchele.

Halafu kuna jiwe jamani. Mfalme Ashoka wa India ya kale, karne ya 3 kabla ya Kristo, alichonga amri zake kwenye miamba, na ile ya pili inaongelea matibabu ya watu na wanyama, visima na miti ya kupandwa barabarani, na humo anataja majirani zake wa kusini akiwemo Keralaputra, yaani mwana wa Kerala. Hapo anatajwa mtawala, hakuna mnazi. Hata kile kitabu cha Kigiriki cha mabaharia, Periplus, ambacho kinataja Rhapta, bandari ya kale ya huku kwetu Afrika Mashariki, kinamtaja mtawala wa pwani ile kwa jina linalofanana na hilo hilo.

Ipo na ya tatu, ya nchi iliyoongezwa kutoka baharini, inafungwa na hadithi ya Parashurama, shujaa wa dini ya Kihindu, aliyerusha shoka baharini maji yakarudi nyuma. Hiyo ni imani ya watu, iheshimiwe, ila ushahidi wa jina siyo.

Na jambo lenyewe bado lina moto, Juni 2024 bunge la jimbo lilipitisha azimio la kuiomba serikali kuu iandike Keralam kwenye Katiba, kama wenyewe wanavyotamka. Kwa hiyo mhariri naomba toleo lijalo mtoe nyongeza, hata aya moja tu, Wachera na jiwe la Ashoka watangulie, minazi ifuate.

Msomaji wenu, Tanga