Barua kwa mwanangu aliyeko Kiunga

Mwanangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hapa Lamu wazima, alhamdulillahi.

Jana kijana wa nahodha wenu alipita barazani akasema mnapiga dago, kambi ya uvuvi, visiwani, na wenzako wanashuka na ndoo kuokota mayai ya membe, wale ndege wa baharini. Sikulala. Usiyaguse mayai hayo.

Wajua mwenyewe, kundi la membe likipiga mbizi mahali pamoja, jodari wako chini wanawapandisha dagaa juu. Ndege anayekuonyesha riziki, unamnyang'anyaje yai lake? Tena hutaga moja tu, pengine mawili, juu ya jiwe tupu au kwenye nyufa za miamba, kusi ikiwa imekaza, Julai mpaka Septemba. Mkishuka, kundi zima linaruka, mayai yanabaki juani, na kaa na shakwe hawangoji. Asiyeokota hata moja ameshaharibu kwa kusimama pale. Ndiyo maana nakwambia usishuke kabisa. Wakisumbuliwa sana hukihama kisiwa, mkabaki kutafuta samaki kwa kubahatisha.

Usiniambie babako, Mungu amrehemu, aliyaleta nyumbani. Aliyaleta, na kikaango kilikuwa changu. Siku hizo boti za mashine zilikuwa chache na visiwa vilipata kupumzika. Halafu bahari ya Kiunga ni hifadhi tangu 1979. Askari wakikushika na ndoo hiyo, nani atakuja kukutoa? Mimi na miguu hii?

Kijana alisema pia kwamba wewe ndiye unayeliona kundi kabla ya wote, hata nahodha hukuuliza. Nilimpa halua kwa furaha. Lakini macho makali namna hiyo hayaioni simu ya mamako? Wiki nzima kimya, na kusi inavuma. Wenzako wakikucheka kwa kubaki chomboni, waache wacheke. Usishuke, mwanangu.

Paa la jikoni linavuja upande wa jiko la mkaa. Fundi ataka pesa ya makuti kabla ya vuli, na karo ya dadako haijatimia. Nyanyako aulizia ng'onda wa papa, ila usitie chumvi nyingi, presha yake imepanda. Pesa usimpe kijana yule mkononi, tuma kwa simu, kisha nipigie nijue imetoka kwako.

Mamako